Siku ya Kupima Shamba

Katika pwani hii ya Kenya, tangu Vanga hata Kiunga, wako Waislamu wengi wakaao juu ya ardhi waliyoirithi kwa baba na babu, ambao lau wangeulizwa leo mpaka wao waanzia wapi na waishia wapi wangejibu kwa kunyoosha mkono: pale penye mwembe, kisha kisimani, kisha hata ule mnazi ulioanguka mwaka wa mvua nyingi. Mpaka wa namna hii hatuudharau. Umewatosha watu miaka mingi, maadamu wazee wa pande zote mbili walikuwa hai na wakisemezana. Lakini mzee hufa, na mnazi hukatwa, na jirani huuza kwa mtu atokaye mbali, asiyemjua mzee wala mnazi. Hapo ndipo watu wakumbukapo kumwita mpima ardhi, nao humwita wakiwa wamekwisha kukasirikiana.

Watu wengi hudhani ya kuwa mpima huja na chombo chake akautafuta mpaka ardhini kama mtu atafutaye maji, akauona. Sivyo. Mpima hupima kile alichoonyeshwa na watu, au kile kilichokwisha kuandikwa katika ramani zilizotangulia. Chombo chaweza kumwambia kwamba kutoka jiwe hili hata jiwe lile ni mita 61 na sentimita 20. Hakiwezi kumwambia jiwe lile ni la nani. Hilo ni neno la mashahidi. Basi siku ya kupima shamba ni siku ya ushahidi, na asiyekuwapo siku hiyo, yeye mwenyewe au wakili wake, haki yake yabaki mikononi mwa wengine. Hili ndilo tupendalo wasomaji wetu walishike, wenye mashamba na vijana wao watakaoachiwa mashamba hayo. Mengine yote tutakayoyasema ni matawi yake.

Dini yetu imelitazama jambo la mpaka kwa jicho kali kuliko tulitazamavyo sisi. Katika Sahihi ya Muslim imepokewa kwa Sayyidna Ali (Radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake) kwamba Mtume (S.A.W.) alimtaja miongoni mwa waliolaaniwa na Mwenyezi Mungu yule abadilishaye alama za ardhi. Na katika Sahihi zote mbili, ya Bukhari na ya Muslim, limo onyo kwa atwaaye ardhi ya mwenziwe kwa dhulma, ijapokuwa kadiri ya shibiri moja, ya kuwa Siku ya Kiyama atavikwa shingoni ardhi saba. Mmoja wa walioipokea Hadithi hiyo ni Said bin Zayd, ambaye ni katika Masahaba kumi waliobashiriwa Pepo. Yeye mwenyewe alipata kushitakiwa mbele ya Marwan, liwali wa Madina, na mwanamke aitwaye Arwa, aliyedai kwamba Said amemega ardhi yake. Said akauliza atawezaje kufanya hayo naye amekwisha kuyasikia maneno yale kwa Mtume mwenyewe. Kisha akamwachia ile ardhi, akamwomba Mwenyezi Mungu kwamba ikiwa mwanamke yule ni mwongo, ampofushe na amfishe katika ardhi hiyo hiyo. Wapokezi wasema ya kuwa alipofuka akawa akipapasa kuta, na siku moja akitembea katika ardhi ile akatumbukia kisimani, na kisima kikawa ndicho kaburi lake.

Habari hii hatuileti kwa kuwatisha watu. Twaileta kwa sababu wengi hudhani dhambi ya ardhi ni ya wanyang'anyi wakubwa wa eka elfu, na hali shibiri yaweza kutwaliwa na mtu yeyote mwenye ua na jirani.

WALIOKUWA HAWAPO MWAKA 1908

Atakaye kujua ni nini huwapata wasiokuwapo siku ya ushahidi, na aitazame historia ya pwani yetu. Zamani za Masultani wa Unguja, mtu aliyenunua shamba aghalabu aliandikiwa hati na Kadhi kwa Kiarabu, na hati hiyo ilitaja majirani wa pande nne: kibla kuna shamba la fulani, kusini la fulani, matlai njia, magharibi bahari. Haikuwa na ramani. Mashahidi wake walikuwa watu. Mwaka 1895 Sultani wa Unguja alifanya mapatano na Waingereza, utawala wa ukanda wa maili kumi ukaingia mikononi mwao, naye akabakiwa na jina la enzi. Kisha mwaka 1908 ikatoka sheria ya hati za ardhi, iliyomtaka kila mwenye kudai milki katika ukanda huo aje mbele ya mwandishi wa hati, alete ushahidi wake, ardhi yake ipimwe na apewe cheti. Ardhi ambayo hakutokea mtu kuidai ilihesabiwa kuwa ya Serikali.

Waliokuwa na karatasi, na waliojua njia ya ofisi, walikwenda. Lakini wako wengi mno ambao hawakwenda, katika Wamijikenda, na katika waliokuwa watumwa na watoto wao, na katika watu wengine wa vijijini waliolima kwa desturi bila ya karatasi. Wengine hawakupata habari. Wengine hawakuona sababu ya mtu kwenda kudai kitu alicho juu yake tayari. Wajukuu wa baadhi yao waitwa maskwota hata leo katika mahali walipozikwa babu zao. Na vile vyeti vya waliokwenda vikathibiti. Hata mwezi wa Oktoba 1963, Bwana Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Unguja, Sheikh Muhammad Shamte, walipopatana kwamba ukanda ule uwe sehemu ya Kenya, katika mambo yaliyoahidiwa, pamoja na mahakama za Makadhi, ilikuwamo ahadi ya kwamba hati za milki zilizokwisha kuandikishwa pwani zitaendelea kutambuliwa. Sisi hatusemi kwamba mambo yote ya sheria ile yalikuwa ya haki, wala hatudhani hivyo. Twasema ya kuwa kalamu ikiisha kupita ni vigumu mno kuirudisha.

RAMANI YASEMA NINI, NA HAISEMI NINI

Mwenye hati na aitoe sandukuni aisome, na ajue mpaka wake ni wa aina gani, kwani ziko aina mbili, na kutozijua ni chanzo cha ugomvi mwingi. Iko mipaka iliyothibitishwa kwa vipimo: kila pembe ina jiwe lake lenye namba, nalo aghalabu ni chuma kilichosimikwa katika saruji, na ramani yaonyesha urefu wa kila upande. Mawe hayo yakipotea, mpima aliye na vipimo vya asili aweza kuyarudisha mahali pake. Aina ya pili ni mipaka ya jumla, ambayo alama yake katika nchi ni ua, mfereji au njia, na ramani ya ofisi ya ardhi huionyesha kwa kukadiria tu. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 yasema waziwazi kwamba ramani ya namna hiyo yaonyesha mipaka kwa makadirio, ila pale ambapo mpaka umethibitishwa.

Na tupige hesabu ndogo. Ramani nyingi za mashamba huchorwa kwa kipimo cha moja kwa 2,500. Yaani milimita moja juu ya karatasi ni mita mbili na nusu juu ya ardhi. Mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita, ukiushusha shambani, una upana wa mita moja na robo. Jirani wawili waweza kushitakiana miaka kumi juu ya kitu kilichomo ndani ya unene wa wino! Mwenye mpaka wa jumla atakaye yakini aweza kumwomba Msajili wa Ardhi mpaka uthibitishwe kwa vipimo, majirani wakiwa wameitwa na kusikilizwa. Ni gharama, lakini ni ndogo kuliko gharama ya wakili.

Neno la ukubwa nalo lina udanganyifu wake. Kiwanja cha futi 50 kwa 100 huuzwa kwa jina la "thumni ya eka". Futi 50 mara 100 ni futi za mraba 5,000, na thumni ya eka ni 5,445. Mnunuzi amekwisha kukosa futi 445 kabla ya kushika kalamu. Hati za sasa huandikwa kwa hekta, na kiwanja kama hicho chapasa kusomeka karibu hekta 0.0465, ikiwa hati yasema chini ya hapo, na aulize kabla ya kulipa, si baada yake.

Wala simu ya mkononi haipimi shamba. Tumewaona vijana wakizunguka mipaka na simu zao wakasema wamekwisha kupima. Simu hupotea kwa mita kadhaa, na chini ya miembe hupotea zaidi. Mpima naye hutumia setilaiti zizo hizo, lakini kwa vyombo viwili vinavyosahihishana, na makosa yake huwa ya sentimita. Simu yafaa kwa kupiga picha ya jiwe la mpaka, na hilo twalisifu sana.

Katika Kenya, kazi ya kupima kwa ajili ya usajili haifanywi ila na mpima wa Serikali au mpima mwenye leseni ya Bodi ya Wapima Ardhi. Mwenye shamba ana haki ya kuuliza jina na leseni, na kuhakikisha, wala asione haya. Daktari mwenyewe hutundika shahada yake ukutani. Mapatano ya malipo yaandikwe, na iandikwe pia kama ada za Serikali na mawe ya mpaka vimo ndani yake. Na jambo hili wengi hawalijui: mawe kusimikwa sio mwisho wa kazi. Mpima hupeleka vipimo vyake kwa Mkurugenzi wa Upimaji, ambaye makao yake ni Ruaraka, Nairobi, vikakaguliwa. Kwa Sheria ya Upimaji, ardhi haihesabiwi kuwa imepimwa mpaka ramani yake itiwe sahihi au muhuri wa idara hiyo. Wako waliojenga nyumba, na wako waliouza viwanja, kwa kutegemea mawe ambayo karatasi zake hazikupata kufika ofisini.

MIRATHI KABLA YA MAWE, NA MAWE KABLA YA MSAMAHA

Sasa twaja kwenye jambo lililotufanya tushike kalamu. Ugomvi mwingi wa ardhi katika nyumba za Kiislamu hauwi baina ya jirani na jirani. Huwa baina ya watoto wa baba mmoja. Mzee hufa, na shamba hukaa miaka ishirini kwa jina la marehemu. Wa kiume hulima, wa kike wameolewa Malindi na Lamu na Tanga. Siku moja mpima aitwa. Ndugu wa kiume wazunguka naye, wamwonyesha, washika kamba, waweka sahihi. Dada zao wapata habari baadaye, na aghalabu huambiwa, "Nyinyi mna waume zenu."

Mafungu ya mirathi hayakuwekwa na mila wala na serikali. Yamo katika Sura ya Wanawake, yamehesabiwa kwa sudusi na thumni. Mtu akifa akaacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na watatu wa kike, wala hana warithi wengine katika fungu, mke ana thumni moja. Thumni saba zilizobaki zagawanywa kwa wana, wa kiume mbili mbili, wa kike moja moja. Jumla ni mafungu manane, hayana salio. Hesabu hii mtoto wa madrasa aijua. Lakini kuitia juu ya ardhi ni kazi nyingine.

Na tuseme shamba lao lajulikana kwa jina la eka nane. Watu watasema: basi kila fungu ni eka moja. Wala hawajapima! Pengine shamba ni eka saba na nusu, pengine ni tisa. Na hata likiwa nane kamili, kila kipande chataka njia. Njia ya upana wa mita sita kwa urefu wa mita mia mbili hula mita za mraba 1,200, nazo ni karibu thuluthi ya eka kasoro kidogo. Fungu limekuwa eka 0.96. Nani atakayekatwa hiyo njia? Haki ni kuitoa katika shamba zima kabla ya kugawa, wala si kumwachia yule aliyepata kipande cha nyuma aombe kupita. Waislamu wa kwanza walipata kugombana katika njia, na imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Mtume (S.A.W.) alihukumu iwe dhiraa saba, ambazo ni kama mita tatu na kidogo, upana wa kumtosha ngamia na mzigo wake. Siku hizi mipango ya kaunti hutaka zaidi, kwa ajili ya motokaa.

Tena eka na eka si sawa. Eka iliyoko barabarani na eka ya bondeni ijaayo maji wakati wa masika, bei zao hazikaribiani. Ikiwa wa kiume watachagua mbele, na dada akapewa "eka yake" kinamasini, hesabu ya karatasi imetimia na haki haikutimia. Njia nzuri ni kuthamini vipande kabla ya kuvigawa, na vikilingana kwa thamani vipigiwe kura. Kura yaondoa manung'uniko ambayo hata Kadhi hawezi kuyaondoa.

Na kuna hili la msamaha. Mara nyingi dada huitwa mbele ya wazee akaulizwa kama amewasamehe ndugu zake fungu lake, naye kwa haya asema amesamehe. Sheria yakubali mrithi mwenye akili timamu, aliyebaleghe, kutoa haki yake kwa hiari, au kutoka katika mirathi kwa kulipwa. Lakini twauliza: amesamehe nini, naye hajaambiwa shamba lina ukubwa gani wala thamani gani? Kwanza lipimwe. Aonyeshwe fungu lake kwa miguu, ajue jiwe hata jiwe. Akiisha kuliona akalitoa, hiyo ni sadaka yake na thawabu zake. Asipolitoa, hakuna wa kumlaumu. Mayatima hawana msamaha hata kidogo, kwa kuwa mtoto hawezi kusamehe, na mlezi hawezi kumsamehea.

Basi utaratibu ni huu. Warithi waende kwanza mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya mwaka 2010 imeipa mambo ya mirathi ya Waislamu waikubalio, wapate mafungu yao kwa maandishi. Ikiwa shamba ni la kilimo na lagawanywa kuwa na hati mbali mbali, yatakiwa pia idhini ya bodi ya ardhi ya mahali hapo, kwa sheria iliyowekwa mwaka 1967, na idhini ya kaunti kwa huo mgawanyo. Ndipo mpima aje. Aliye Muscat au Jeddah au London na apeleke hati ya uwakili kwa mtu amwaminiye, ambaye si lazima awe ndugu ashikaye shamba. Na jambo moja wauzao wakumbuke: kabla ya kugawa, mshirika akiuza fungu lake, mwenziwe ana haki ya shufaa, yaani kulinunua yeye kwanza kwa bei ile ile. Mipaka ikiisha kuwekwa na njia kutengwa, shufaa imekwisha, kama ilivyopokewa kwa Jabir bin Abdillah. Yule apendaye shamba la baba lisitoke nje na aseme mapema.

YASIYO NA MSEMAJI

Mombasa na miji mingine ya pwani yetu ina desturi ya "nyumba bila ardhi": mtu ana nyumba yake, na kiwanja ni cha mwingine, naye hulipa kodi ya ardhi. Ya minazi ni hivyo hivyo; mti waweza kuwa wa huyu na udongo wa yule. Ramani ya mpima yaonyesha udongo. Mwenye nyumba asiyekuwa na kiwanja asidhani kuwa jiwe lililosimikwa mlangoni kwake limempa kitu. Na ashike stakabadhi zake za kodi na hati yake ya kununulia nyumba kwa mikono miwili.

Misikiti, madrasa na makaburi hayana kinywa kabisa. Mwenye kutoa wakfu alisema kwa ulimi, watu wakashuhudia, wakafa, na leo uzio wa jirani wasogea kila mwaka. Kamati ya msikiti ambayo haijapima ardhi ya wakfu na kuiandikisha kwa Tume ya Wakfu yangoja nini? Fedha za mazulia huchangwa kwa wiki mbili. Kiwanja cha msikiti kisicho na mawe hakina zulia litakalokifaa.

SIKU YENYEWE

Mwenye shamba na afyeke mipaka yake mapema ili mpima aone pembe hata pembe. Awape majirani wote habari kwa maandishi, na hasa yule asiyesemezana naye. Wazee wajuao waletwe hata kama ni kwa kubebwa kitini. Vijana wa nyumba, wa kiume na wa kike, wafuatane na mpima, waandike namba ya kila jiwe, walipige picha pamoja na kitu kikubwa kilicho karibu, kama kisima au nyumba. Panapo mzozo pasisimikwe jiwe kwa ubabe. Mpima na aandike kwamba pana mzozo. Yeye si hakimu, wala hana mamlaka ya kumnyang'anya huyu kumpa yule, na ampaye fedha ili awe hakimu amempa rushwa.

Alipokwisha kwenda, mawe ni amana ya wenye ardhi wa pande zote mbili. Sheria humlazimisha mwenye ardhi kuyatunza, na mwenye kung'oa jiwe au kulisogeza makusudi hushitakiwa kwa kosa la jinai. Wajenzi wa kuta wachungwe, kwani mafundi wengi hung'oa jiwe ili wachimbe msingi, wakalirudisha "hapo hapo" kwa macho.

Ukitokea ugomvi wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa, msikimbilie mahakamani. Sheria ile ya 2012 yazuia mahakama kusikiliza shauri la mpaka kabla mpaka haujaamuliwa na Msajili wa Ardhi. Yeye huandikiwa barua, akataja siku, akaja shambani pamoja na mpima wa Serikali, akawaita wenye ardhi wa pande zote, akafungua ramani juu ya gari, na akauliza kwanza ni nani hapa ajuaye jiwe la asili lilikuwa wapi. Asiyeridhika na uamuzi wake ndipo aendapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi, naye achukue zile picha.